Kopo la Udongo

Kila jioni jirani yetu wa Pongwe, mpishi wa shamba la mkonge, alipita na mbwa wake upande wa barabara ulio mbali na msikiti. Mbwa mwenyewe mkubwa kama ndama, mzee, mdomo umeota mvi, miguu ya nyuma inakokoteka. Alikuwa wa meneja wa shamba, ambaye aliporudi kwao Ulaya aliagiza mbwa apigwe risasi, mpishi akasema, "Nipeni mimi." Basi akawa anatembea naye polepole, kamba kaiviringisha kiganjani, mbwa akisimama naye anasimama, kifua mbele kama anayesindikiza bwana harusi. Yeye Mlutheri wa milimani, sisi Waislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Kwa hiyo aliweka kando ya baraza yetu mtungi wa maji na kopo la udongo safi, na kila asubuhi alivikagua mwenyewe.

Siku mbwa alipomlamba baba mkono, waliokaa barazani walijivuta nyuma. Mpishi alipiga goti, akamwoshea mara saba, ya kwanza kwa udongo, taratibu, kwa vidole vile vilivyozoea kuchagua mchele.

"Nani kakufundisha?" baba akauliza.

"Nakaa nanyi, mzee."

Haukupita muda, lori likasimama mbele ya mbwa aliyejilaza njiani. Dereva akapiga honi, akatukana, akauliza jibwa hilo la nani. Mpishi alikuwa kazini. Baba, ambaye hajawahi kumshika mbwa maishani mwake, aliinuka barazani.

"Zunguka," akamwambia. "Huyo wa kwetu."