Picha ya Sulemani mbele ya Mazuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Zuzi Mkubwa, yaani hakimu mzee wa mahakama ya wenyeji hapa Kamina, alinionyesha kiti na kuniambia: "Kazi yako njo kinywa." Nilikuwa msemaji. Mtu akishindwa kupanga maneno yake, mimi humpangia: kwanza methali ya Kiluba, kisha ukoo, kisha shahidi. Methali ikikaa vizuri, mazuzi huguna, na kesi imeanza kuwa yangu.

Miaka ya hamsini akaja msemaji mwingine, Kalenga, mtoto wa mwalimu wa Kimethodisti. Huyo hakuhangaika na methali. Alikuja na picha zilizochapwa, zile kubwa za rangi za shule ya Jumapili, kazikunja kama mkeka. Anasema maneno mawili, anakunjua picha, baraza zima linasimama kutazama. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda. Hata mke wangu alirudi sokoni akimsifu!

Ndipo ikaja kesi ya mtoto. Fundi mmoja wa reli alikuwa amefariki. Dada yake alitaka kumlea mtoto. Mjane, Mama Ngoie, alitaka kurudi naye kwao Malemba-Nkulu. Mimi nilimsemea mama, Kalenga alimsemea shangazi. Nilisema vizuri, naapa, sijawahi kusema vile. Mazuzi wakaguna. Kisha Kalenga akakunjua picha: mfalme Sulemani kitini, wanawake wawili, askari na upanga, mtoto ananing'inia kwa mguu.

Shangazi alikuwa mtu wa kanisa. Hadithi ile aliijua tangu utotoni: anayekubali kumwachia mwenzake mtoto ndiye anayepewa. Akapiga magoti mara moja. "Mumupatie yeye! Mutoto asikufe!"

Mama Ngoie hakuwa ameona picha ya namna hiyo maishani mwake. Alibaki kuukodolea macho ule upanga.

"Sulemani alisha kata maneno," akasema Zuzi Mkubwa. "Mutoto iko wa shangazi."

Sasa nimepumzika. Kalenga amekufa, na watu walivyojaa kwenye mazishi yake, hapo pia nilimwonea wivu. Ninyi vijana huniuliza kama kweli methali zilikuwa na nguvu mahakamani. Zilikuwa nazo. Lakini siku ile, mlangoni, Mama Ngoie alinifuata mikono mitupu, akaniuliza kwa upole: "Baba, weye haukukuwa na picha?"