Bega kwenye Foleni ya Sabuni

Juzi nilipanga foleni ya sabuni nje ya duka moja hapa Arua. Mbele yangu alisimama mama mnene aliyetoka Ediofe kwa miguu. Saa tatu asubuhi alikuwa akituchekesha sote. Kufika saa saba miguu ilianza kumtetemeka, akawa anayumba, mwishowe akanikanyaga.

"Huyu mama amekunywa waragi," mwanamume mmoja akasema nyuma yetu. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Mama akageuka, macho yamejaa machozi. "Mimi sikunywa kitu. Asubuhi miguu iko na nguvu. Nikichoka, hii mwili inanivuta chini."

"Basi kaa chini kidogo, mama," nikamwambia.

"Nikikaa, nani atanisimamisha?"

Mbele yake alikuwapo mwanamke mwembamba, muuza vitenge kutoka Kongo. Bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, akaushika mkono wa mama na kuuweka begani pake.

"Egemea, mama. Mutu akichoka anayumba tu."

Wakasogea hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Yule mwembamba alipopewa sabuni yake nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisimama palepale, bega lake likiwa bado limeshikwa, hadi mama naye akapewa yake. Kisha wakatoka pamoja, polepole, wakiongea kama ndugu.

Mimi, msomaji wangu, ndiye niliyekuwa na mabega mapana kuliko wote katika foleni ile. Niliyatumia kubebea koti.