Washenga Walipomtazama Mume Wangu

Jamani, leo nusura posa ya binti yetu ivunjike kwa sababu ya uso wa baba yake.

Washenga walitoka Mbegani asubuhi, wakajipenyeza kati ya wapagazi wa pembe za ndovu waliojaa mjini, wakafika kwetu.

Mume wangu alikuwa mshona kanzu. Siku hizi mikono inamtetemeka, sauti imefifia, na uso umekakamaa. Haucheki wala haununi.

Mshenga mkuu akasema maneno yake, mazuri kweli. Mume wangu akamtazama tu.



"Naona mzee hakupendezwa," mshenga akasema. "Basi tupeni ruhusa twende zetu."

Akaanza kutafuta makubadhi yake. Mimi natamani ardhi inimeze.

Mara binti yangu akatoka nyuma ya pazia, wala hakuna aliyemwita. Akapiga magoti, akatega sikio mdomoni kwa baba yake.

"Baba anasema amefurahi sana," akasema, machozi yanamlengalenga. "Anasema hapa alipo anacheka."

Mshenga akakaa tena. Tukanywa kahawa, posa ikakubaliwa.

Walipoondoka nikamuuliza, "Kweli ulikuwa unacheka, bwana?"

Nikainama ili nimsikie.

"Hata nikiwa nawe nacheka kila siku. Huoni tu."

Wenzangu, mimi nilidhani amenichoka.

Nautamani ule uso wake wa zamani, japo kwa kitambo kidogo tu.

Nyie mliouguza mtu wa namna hii, mlikuwa mnajuaje kwamba anacheka?