Fundi wa sikio moja na spika tano

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwa mwalimu mkuu mstaafu, friji imezimwa, feni imezimwa, na saa ya ukutani imeshushwa ikafungiwa chumbani kwa kosa la kupiga kelele. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amesogeza sofa kando, akaweka mahali pake kiti kidogo cha duara kinachozunguka. Amekikalia, macho kayafumba.

"Kimya," anasema.

Watu wazima watatu wananyamaza: mwalimu, mkewe, na mwanamume mwenye shati la pasi kali ambaye hana hamu yoyote ya kunyamaza. Huyo ni mwenye duka la vifaa vya muziki, bosi wa zamani wa huyu mwanamke.

Spika ya kushoto inaanza kutoa mvumo usiopanda wala kushuka, kama redio iliyopoteza stesheni. Mwanamke anazungusha kiti mpaka sikio lake la kushoto linaelekea pale sauti inapotoka. Sikio la kulia halina kazi. Lilikufa akiwa na miaka tisa, kwa homa iliyomlaza wiki sita.

Kazi yake ni kusawazisha sauti za hom thieta majumbani mwa watu, ile mitambo ya spika tano na sabufa moja ambayo wengi huinunua kwa mbwembwe kisha wakashindwa kuelewa filamu inasema nini. Wateja humwita Mama Kimya, maana hilo ndilo neno lake la kwanza akishavua viatu mlangoni. Bosi wake wa zamani humwita fundi wa sikio moja, na hasemi hivyo kumsifu.

"Wewe mwandishi, niambie," bosi huyo alininong'oneza barazani kabla kazi haijaanza. "Basi lako utampa dereva wa jicho moja?"

Nilipomfikishia Mama Kimya swali hilo, hakukasirika. Alicheka, akafungua begi lake la zana.

"Mwambie basi haliendeshwi kwa masikio. Na mimi sijaja kuendesha basi."

Alifanya kazi katika duka la bwana huyo miaka saba bila mtu kugundua. Alijua namna ya kusimama kulia kwa kila anayezungumza naye, na namna ya kuchagua kiti cha pembeni. Siku moja bosi alimwita mara tatu kutoka upande wa kulia, naye akaendelea kukata waya kana kwamba yuko peke yake. Kesho yake aliondolewa kwenye ufundi akapelekwa kaunta kuuza betri na rimoti.

Kaunta alikaa siku kumi na moja.

"Niliona nitaozea pale," anasema. "Nikachukua futi yangu ya kupimia, kipimo changu cha sauti na kiti changu, nikatoka. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniaga."

Mwaka wa kwanza akiwa peke yake alipata wastani wa nyumba tisa kwa mwezi. Kisha maneno yakaanza kutembea kwamba fundi huyo ni kiziwi. Maneno hayahitaji nauli. Nyumba tisa zikawa tano, tano zikawa mbili, na kwa hizo mbili wanakula watu wanne: yeye, mama yake mzazi na binti zake wawili, katika vyumba viwili ambamo kila mtu anajua pa kukaa. Mezani, upande wake wa kulia umeachiwa ukuta. Akilala, anazamisha sikio zima kwenye mto na dunia yote inazimika.

"Saa yangu ya kuniamsha ni kidole cha mama," anasema. "Ananidunga mbavuni. Hiyo haiishiwi betri."

Kesi ya leo imeletwa na mwalimu mwenyewe. Alipostaafu alinunua hom thieta ili jioni zake azimalize na mkewe, baada ya miaka thelathini na mitano ya kumalizia jioni kwenye madaftari ya wanafunzi. Mafundi wa duka la bosi huyo walikuja, wakafunga, wakaondoka. Tangu hapo nyumba haina amani.

"Bunduki nazisikia mpaka tumboni, lakini maneno siyasikii," mwalimu analalamika. "Nikiongeza sauti nisikie maneno, bomu linalipuka, mama anamwaga chai."

"Miezi minne nimekuwa mkalimani," mkewe anadakia. "Natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Kila mtu akisema kitu kwenye filamu, mzee ananigeukia: kasemaje? Sasa amesusa. Anakaa chumbani na gazeti, mimi naangalia peke yangu kama mjane."

Alilisema neno hilo la mwisho kwa utani, lakini mwalimu aliinamisha kichwa.

Mama huyo ndiye aliyesikia habari za Mama Kimya. Mwalimu alipopiga simu dukani kuuliza kama fundi mwingine anaweza kugusa mitambo, akajibiwa kwamba fundi huyo hasikii na mitambo haina tatizo. Mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu hata akistaafu. Akawaita wote wawili, fundi na bosi, saa ileile, chumba kimoja, kama wanafunzi waliopigana.

"Leo nikishindwa mbele yake, nimekwisha," Mama Kimya aliniambia tukiwa bado mlangoni. "Jumatatu natafuta kaunta nyingine. Lakini sishindwi, bwana. Andika hivyo."

Sasa bosi anataka mtihani. Kipimo cha sauti akishike yeye, nyuma ya mgongo wa fundi, usawa wa sikio, na fundi ataje anachosikia bila kuangalia namba.

"Shika," anasema Mama Kimya. "Hii ya kushoto inasomaje?"

"Sabini na tano."

"Hiyo ndiyo mizani yetu. Mwalimu, leta ya kati."

Mvumo unahamia chini ya televisheni. Anazungusha kiti, anaisikiliza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kila spika anaielekezea sikio lilelile, kwa pembe ileile, na ndiyo maana kiti kinazunguka.

"Iko chini. Desibeli sita."

Bosi anatazama kipimo. Anakitazama tena.

"Ngapi?" anauliza mwalimu.

"Sitini na tisa," bosi anajibu kwa sauti ndogo kabisa.

Ya kulia anasema ni sawa na mizani, na ni sawa. Ya nyuma kushoto anasema imezidi mbili, na imezidi mbili. Ya nyuma kulia anasema imezidi mbili vilevile. Bosi anacheka, cheko la mtu aliyekuwa akilisubiri.

"Sabini na nne! Haijazidi, imepungua. Mnaona? Mnaona wenyewe!"

Mama Kimya anafumbua macho.

"Nimekosea," anasema. "Nne nimetaja, moja nimekosea. Ndiyo maana natembea na kipimo. Sikio linauliza, kipimo kinajibu. Sasa na wewe tuambie, vijana wako walimuuliza nani?"

"Mitambo inajipima yenyewe. Ina maikrofoni. Maikrofoni haiugui homa."

"Waliiweka wapi?"

Bosi hajui. Anayejua ni mke wa mwalimu, aliyewapikia chai siku hiyo.

"Hapa," anasema, akigonga meza ya kioo iliyo mbele kabisa, karibu na televisheni. "Kati ya vikombe."

Mama Kimya anasimama. Anavuta futi kutoka spika ya kati hadi mezani: sentimita themanini. Kisha hadi kwenye kiti chake, pale sofa inapokaa: mita tatu na nusu.

"Maikrofoni ilikaa puani mwa spika ya kati, ikaona hii inapiga makelele, ikaiteremsha. Ilimpangia sauti mtu anayekaa juu ya meza. Mama, humu ndani nani anakaa juu ya meza?"

"Hakuna," anajibu mama, na kicheko kinamponyoka.

Zilizobaki ni dakika ishirini za rimoti na subira. Anaipandisha ya kati, anashusha ya nyuma kushoto, anapandisha ya nyuma kulia, kila mara akiangalia kipimo kwenye usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Sabufa, ile spika ya mdundo mzito, anaipunguza karibu nusu. Bosi anashtuka, sabufa ile ndiyo fahari ya duka lake.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Mama Kimya anamwambia.

Sofa inarudishwa. Mwalimu na mkewe wanakaa, filamu inawekwa. Bunduki zinalia, na chai inabaki kikombeni. Kisha mzee mmoja kwenye filamu anamnong'oneza mwanawe jambo, na mke wa mwalimu, kwa mazoea ya miezi minne, anamgeukia mumewe.

"Anasema kwamba..."

"Usiniambie," mwalimu anamkatiza, mkono wake ukitafuta wa mkewe juu ya sofa. "Nimesikia."

Bosi aliokota funguo zake za gari. Mlangoni akasita, akaelekeza kidevu kwenye kiti cha duara.

"Hicho kiti umekinunua wapi?"

"Nilikichongesha," Mama Kimya akajibu, akikifunga kamba. "Hakiuzwi."

Mwalimu amemwahidi orodha ya wastaafu wenzake wanaogombana na televisheni. Mama Kimya naye ana mpango wake. Amekodi kibanda karibu na kwake, anataka kukaa humo na spika tano za mfano, ili mteja aje akae, asikie, ndipo anunue. Binti yake mkubwa ameshaanza kushika futi. Kilichobaki ni kibao cha nje, na mchoraji aliyepewa kazi amemrudia mara mbili kuuliza kama ana hakika na maneno yale.

Nilimsindikiza hadi kwa mchoraji, nikitembea kushoto kwake. Mchoraji akamwonyesha ubao, akauliza kwa mara ya tatu.

"Andika FUNDI WA SIKIO MOJA," akamwambia. "Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini ukubwa wa herufi nachagua mimi. Jaza ubao wote."