Flashi ya Mchungaji

Natengeneza kompyuta hapa Buruburu, na antivirasi ninayowawekea wateja ndiyo hiyo hiyo ninayotumia nyumbani. Siwezi kumuuzia mtu kitu nisichokiamini. Ndiyo niliyoweka hata kwenye kompyuta ya kanisa letu, ile inayounganishwa na projekta.

Jumapili iliyofuata mchungaji alichomeka flashi yake ya nyimbo. Antivirasi ikaikataa, ikaandika kwa herufi nyekundu ukutani, mbele ya waumini wote, kwamba flashi ina virusi. Na kweli ilikuwa navyo. Lakini baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita pembeni wakanikaripia kana kwamba ni mimi niliyemtukana mchungaji.

"Fundi, tuwekee nyingine yenye heshima," mmoja akaniambia.

Nilieleza mpaka koo likanikauka. Nilipokataa, walitafuta fundi mwingine akaiondoa antivirasi kabisa, na flashi ikapokelewa kwa heshima zake zote.

Haikuchukua muda, virusi vikafunga kila kitu: rekodi za ubatizo, picha za harusi, ratiba za mazishi. Wakanipigia simu mimi, si yule fundi wao. Nilipowaambia hakuna cha kuokoa, mzee yule yule akaniuliza mbona sikuwaonya.

Wakanunua kompyuta mpya. Mchungaji akaiwekea mikono, akaiombea ulinzi dhidi ya kila adui, nasi sote tukasema amina. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile flashi.