Kilo ya Mzee Hamimu

Katika mtaa mzima wa Buyenzi, wauza nyama na wauza ndagala, dagaa wa ziwani, hawakumwogopa mtu kama Mzee Hamimu, Mungu amrehemu. Hakuwa na cheo wala fimbo. Alikuwa na jiwe la mizani la shaba, la kilo moja, alilorithi kwa baba yake pamoja na kibanda cha kutengenezea mizani. Kila Ramadhani ilipokaribia, wafanyabiashara walimletea mizani zao. Aliweka jiwe, akakaza au kulegeza skrubu mpaka mshale ukakaa sawasawa kwenye kilo, kisha akasema, "Bismillahi, nenda ukauze."

Mizani huchoka kama mtu, aliwaambia. Springi inalegea, vumbi linaingia, mshale unapinda. Asiyeipimisha mizani yake kila mwaka anaiba bila kujua, na kutojua hakutamtetea siku ya Kiyama.

Jiwe lenyewe hakulipimisha. Angelipimisha kwa nini, nalo ndilo lililopima vyote? Yeye alilitunza tu. Kila Alhamisi alilisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa, kwa kuwa kitu cha haki hakifai kulala na uchafu.

Ilias, muuza nyama, ndiye pekee aliyemgomea. Alileta mizani mpya kabisa, Hamimu akaweka jiwe, mshale usifike kwenye kilo. Mzee akasema mizani hiyo ni mvivu, ikazwe. Ilias akajibu kwamba imetoka kiwandani na haitaguswa na bisibisi ya mtu. Tangu siku hiyo watu wakanong'ona kuwa Ilias ana jambo analoficha.

Halafu akaja Xavier, kijana wa serikali anayekagua vipimo, na kisanduku chake cha mawe ya chuma. Hamimu alimkaribisha chai, kisha mwenyewe, bila kuombwa, akatoa jiwe lake ili kijana aone shaba ya zamani ilivyokuwa, akamweleza anavyolisugua kwa majivu. Xavier akalipima. Akalipima tena. Akaweka kikombe chini.

"Muzee, jiwe lako limepungua."

"Limepungua limekwenda wapi?"

"Kwenye majivu."

Kilichopotea kilikuwa kama vijiko vichache vya chumvi. Xavier alimweleza kwa upole kwamba hata mawe yake ya serikali hupelekwa kulinganishwa na mengine, na hayo mengine nayo yana yanayoyakagua. Hakuna jiwe linaloaminiwa kwa sababu ya umri wake.

Hamimu alielewa haraka kuliko alivyotaka. Jiwe likiwa jepesi na mshale ukasema kilo, basi mteja anapunjwa. Hakuna mwizi Buyenzi aliyewahi kupunja watu wengi hivyo, tena kwa bismillahi. Naye Ilias, mwenye mizani mvivu, ndiye peke yake aliyekuwa akiuza kilo kamili.

Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Kufa hakukumtisha; alichoogopa ni kufika mbele ya Mola na vipande vya nyama walivyopunjwa watu vimemning'inia shingoni. Ijumaa akasimama msikitini akaeleza yote, akaomba msamaha. Wafanyabiashara wakamsamehe kwa sauti moja, wengine wakitokwa machozi. Alipokuwa akivaa viatu ndipo akagundua kwamba amesamehewa na waliofaidika.

Waliopunjwa hawakuwa msikitini. Walikuwa akina mama wanaoteremka na vikapu kutoka mitaa ya Gihosha, Kigobe na Mutanga Sud, wengi wao Wakristo. Basi Jumamosi binti yake Hayat akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda penye mlango wa soko. Wa kwanza kufika alikuwa Consolate wa Mutanga Sud, mpishi wa keki za harusi na mteja wa miaka mingi. Mzee akamweleza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

Consolate akatua kikapu.

"Mi nilijua, muzee. Nyumbani nina mizani ya keki. Kilo ya Buyenzi ni ndogo, sisi wote tunajua."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema nini? Ilikuwa ndogo kwa kila mutu, kila duka, sawasawa. Tulisema hao watu ni waaminifu, kilo yao tu ndiyo fupi. Tukawa tunabishana bei."

"Basi nisamehe, mama."

"Apana, muzee, hiyo dhambi tulishakusamehe zamani. Sasa tafuta ingine."

Hayat alidhani baba yake atafurahi. Lakini mzee uso ulimshuka. Msamaha alioutafuta kwa miguu iliyovimba ulikuwa ukimngoja miaka yote, umetolewa na watu waliokuwa wakimwonea huruma, huku yeye akiwahubiria wengine juu ya haki.

Baadaye akamwomba Hayat ampeleke kwa Ilias, ambaye jina lake lilichafuka kwa sababu ya jiwe lile. Kwa Consolate aliomba msamaha, akakuta umeshatolewa. Kwa Ilias alikaa barazani mpaka adhuhuri, na Ilias, akikata nyama, hakuwa na haraka yoyote ya kuutoa. Wanasema ndipo mzee alipoonekana ametulia, kama mtu aliyempata hatimaye anayemdai.