Gego la Kumi la Bi Kavu

Kwa miaka ishirini na mbili mwanamke huyu ameziba meno ya watoto, na kwa miaka kumi na tisa ya mwanzo viraka vyake vilibanduka kama vya mtu mwingine yeyote. Wanamwita Bi Kavu, kwa sababu ya neno analolirudia kutwa nzima akiwa ameinamia vinywa vya watu wanaolia: “Kavu! Nataka kavu!” Alikuwa ameandika daftarini kila kiraka kilichorudishwa na mzazi aliyenuna, akagundua kwamba adui yake hakuwa peremende. Alikuwa mate. Gundi ya kiraka haishiki jino lenye unyevu, na mtoto wa miaka saba anayelia ana mate ya kumwagilia bustani.

Basi akaanza kutumia kipira: kipande chembamba cha mpira chenye tundu, kinachovishwa jino likachomoza peke yake kama kichwa kwenye kola. Anapaka asidi ya kuparuza jino, anaosha, anapuliza, anapaka gundi, kisha kiraka, halafu anamulika taa ya buluu ya kukigandisha huku akihesabu ishirini kwa sauti, bila kuruka hata moja. Kazi ya dakika kumi ikawa ya ishirini na tano. Watoto walimchukia. Mama zao, kwenye benchi la nje, walisonya.

“Mama,” daktari mkuu wa kliniki alimwambia Bi Kavu mbele ya benchi zima, “unapaka rangi nyumba ambayo mpangaji anahama kesho. Si meno ya kudondoka haya? Ng’oa, twende mbele.”

“Na wewe si utakufa tu, daktari? Mbona unaoga?”

Benchi likacheka. Daktari hakucheka. Alimpa sharti: kabla mwaka haujaisha, alete magego kumi ya utotoni yaliyodondoka yenyewe, kila moja na kiraka chake. Yakipungua, kipira kinaingia kabatini na kiti chake kinakuwa cha kung’oa tu.

Bi Kavu akatangaza zawadi: penseli ya rangi kwa kila gego litakalorudi na kiraka. Yakaanza kuja. Mwezi wa mwisho ulipoingia alikuwa nayo tisa ndani ya chupa ya vidonge, na kila mara daktari mkuu alipopita, yeye aliitikisa. Watu wamewahi kuwa na furaha za ajabu kuliko hiyo, ila si nyingi.

Siku tatu kabla ya mwaka kuisha akaingia fundi magari na binti yake wa miaka saba. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba, na mdomoni ameshikilia kitambaa chenye damu. Baba akaweka gego mezani.

“La kumi hilo, dada. Tumesikia umebakiza moja.”

Bi Kavu akaligeuza. Jino lililodondoka lenyewe huwa limeisha mizizi. Hili lilikuwa nayo yote, mirefu, na kinyama kidogo kikining’inia.

“Limedondokaje?”

“Koleo. Amenililia penseli wiki nzima huyu, wenzake wanazo. Nikasema, si jino la kudondoka? Mama yake akashika miguu. Lakini dada, kiraka chako!” Akakigusa kwa kidole cha grisi. “Koleo imeteleza juu yake mara tatu. Hakijatikisika!”

Ilikuwa kweli. Kilikuwa kiraka bora kuliko vyote alivyowahi kuweka, juu ya jino lililobakiza miaka mitatu ya kulishikia nafasi jino la ukubwani.

Alimtoa baba nje. Alimsafisha mtoto, akampa pamba ang’ate. Kisha akawasha mashine, akasaga mizizi ya gego mpaka ikaisha, huku akihesabu kwa sauti, kwa mazoea, hadi ishirini, akalitia chupani na yale tisa. Mtoto alimtazama bila kupepesa.

Daktari mkuu akaja, akamwaga chupa mezani, akahesabu kumi.

“Haya, umeniweza, mama. Kipira chako, kiti chako.” Akaondoka bila kumtupia mtoto jicho.

Bi Kavu akamchagulia binti penseli nyekundu. Mtoto akaipokea, akasema kupitia pamba:

“Shangazi, inauma. Lingine litaota lini?”

Bi Kavu alikuwa ameshaanza kunyoosha kipira cha mgonjwa anayefuata.

“Usilie, mwanangu,” alisema. “Si lilikuwa la kudondoka?”